Jarida la Mheshimiwa na Pampu ya Mwembepera

Ubwa Mabrouk alikuwa anakula kachori pale Darajani, mafuta yameshamfika kifundoni mwa mkono, alipogundua kwamba karatasi aliyofungiwa ina uso wa Mwakilishi.

Akaikung'uta chembe za pilipili, akaitandaza juu ya goti. Ulikuwa ukurasa wa jarida la Mwakilishi wa jimbo moja la shamba, nje ya mji. "Mwakilishi Wenu Kazini," ndivyo kilivyosema kichwa cha habari. Katika picha Mheshimiwa alikuwa anamkabidhi mama mmoja cherehani, na baina yao amejipenyeza mfanyabiashara mnene, mwenye kuitoa hiyo cherehani. Ubwa hakushughulika na Mheshimiwa wala na cherehani. Alimtazama yule mnene. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeingia gazetini kabla hajafa.

"Lo!" Ubwa akasema peke yake. "Kumbe watu hutoa vitu kwa ajili ya hili?"

Haki ya mtu apewe: Ubwa hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, na Ubwa katika umri wake wote alikuwa akipewa. Mwaka juzi alipewa mbuzi wawili kwa mkutano wa wafugaji ambao mpaka leo haujafanyika. Kabla ya hapo alipewa seti nzima ya makochi kwa ajili ya ubalozi wa nchi ambayo haimo kwenye ramani.

Jimbo lake yeye lilikuwa Mwembepera, na Mwakilishi wao, Mheshimiwa Anuar, hakuwa na jarida. Angelijaza nini? Kwa miaka minne katika Baraza la Wawakilishi alisimama mara moja tu, kuomba kiyoyozi kipunguzwe. Kazi aliyoifanya kwa bidii ni khitma. Hakuna marehemu wa Mwembepera aliyesomewa bila ya Mheshimiwa kukaa safu ya mbele.

"Basi ntamtolea mie," Ubwa akaamua, akajifuta mafuta kwa uso wa yule Mwakilishi wa shamba.

Asubuhi ya pili alikuwa Mlandege, dukani kwa Abdulrazak, muuza vifaa vya ujenzi. Shati limepigwa pasi mpaka linakata, na shingoni kinaning'inia kitambulisho: Mhariri Mkuu, Jarida la Jimbo la Mwembepera. Abdulrazak alikuwa na kila kitu humo dukani isipokuwa jina, na jina haliletwi kwa kontena.

"Assalaam alaykum, Shekhe Abdulrazak."

"Wa alaykum salaam. Kama ni mchango wa harusi, nshatoa."

"Mchango? Astaghfirullah! Mie nimetumwa na Mheshimiwa. Anakitengeneza kile kisima cha Mwembepera. Si unajua pampu iliungua, mwaka wa pili huu watu wanabeba madumu? Kaniuliza, 'Ubwa, nani mji huu anayajua mabomba?' Nkamwambia, wanaoyauza ni wengi, Mheshimiwa. Anayeyajua ni mmoja."

Abdulrazak akavua miwani. "Anataka nini?"

"Anataka picha. Ukurasa wa kwanza, wewe na yeye, mmeshikana mikono. Pampu, tangi na mabomba ni sababu tu ya wewe kuwemo."

"Pampu tena, yakhe!"

Ubwa akainama, akashusha sauti. "Mwakani skuli zote za jimbo zinabadilishwa mabomba. Sikukwambia mie. Mheshimiwa atataka mtu wa kumpa kazi. Akilifungua jarida lake mwenyewe, amwone nani?"

Abdulrazak alitazama dari kwa muda mrefu kama mtu anayeomba dua, lakini alikuwa akikumbuka idadi ya skuli.

"Pampu ya Kitaliano itafaa?" akauliza.

Picha ilipigwa kwenye khitma. Ubwa alimvalisha Abdulrazak kanzu mpya, akamsukuma taratibu mpaka mbele ya Mheshimiwa, naye kwa mazoea akamshika mikono yote miwili na kuinamisha kichwa.

"Mwenyezi Mungu akupe subira," Mheshimiwa alisema. "Alikuwa mtu mwema."

"Ahsante, Mheshimiwa," Abdulrazak akajibu, machozi yakimlengalenga kwa utukufu. "Ni ya Kitaliano."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa huzuni. Wafiwa husema mengi. Ubwa akabonyeza simu, na chini ya picha akaandika: "Mheshimiwa akimshukuru mdau mkubwa wa maendeleo." Jioni ile ile mkokoteni ulishusha pampu, tangi na mabomba nyumbani kwa Ubwa.

Ilibaki picha moja, ya mwananchi mwenye furaha. Ubwa akaenda kwa Bi Riyama, kiongozi wa kikundi cha kina mama watengeneza sabuni. Sabuni haitengenezwi kwa mate. Tangu pampu iungue, Bi Riyama, magoti yake mabovu hayo, alikuwa akiteremka kila alfajiri mpaka msikiti wa mtaa wa pili, akirudi na dumu huku na dumu huku.

"Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba. Ndoo hiyo ya maji umeitoa wapi?"

"Hii ya picha tu, ya jarida la Mheshimiwa. Simama hapo kwenye mfereji, uiweke chini ya koki yake, ucheke."

"Nicheke nini, na mfereji mkavu?"

"Cheka kama yanatoka. Pampu nshaipokea, imo ndani kwangu."

Bi Riyama alimtazama Ubwa, akaitazama ndoo, kisha akacheka, na alicheka vizuri sana.

"Jarida likiwa tayari nirushie kwenye simu, mwanangu. Wajukuu waone."

Mtu mwenye kazi kama ya Ubwa hatakiwi kujipenda, na Ubwa alijipenda. Jarida lilitoka zuri: kurasa nne za rangi, na mwisho kabisa nambari yake ya simu, ili wafanyabiashara wengine wenye kiu ya picha wajue pa kupiga. Alimpelekea Abdulrazak nakala kumi za kubandika dukani, akamrushia Bi Riyama kwenye simu kama alivyoomba.

Bi Riyama akalirusha kwenye kundi la mtaa. Mtaa ukalirusha jimboni. Alasiri Mheshimiwa Anuar alikuwa kitini kwake anasoma habari za kazi zake. Alijua kwamba anafanya kazi. Hakujua kama ni nyingi kiasi hicho. Wakubwa wa chama walimpigia kumpongeza, naye akajibu, "Alhamdulillahi, tunajitahidi."

Siku ya pili Bi Riyama akaingia ofisini kwake na kina mama thalathini.

"Tumekuja kushukuru, Mheshimiwa. Uzinduzi lini?"

Uchaguzi ulikuwa hauko mbali. "Jumamosi," akasema Mheshimiwa. "Saa nne." Walipotoka, akaipiga ile nambari ya mwisho wa jarida.

"Wewe ndiye Mhariri Mkuu?"

"Naam, Mheshimiwa."

"Unaandika vizuri. Jumamosi nakuja kukata utepe. Nikikosa pampu, ntauliza nani aliyetumia jina langu, na ntaulizia polisi."

Ubwa hakulala juu ya jambo hilo. Akabandika tangazo mtandaoni: pampu mpya ya Kitaliano, tangi na mabomba, mwenyewe anasafiri. Haikupita nusu saa akapigiwa na mtu mwenye lafudhi ya Kitumbatu, akajitaja kwa jina la Kurwa, akasema anajenga hoteli Nungwi.

"Nnachukua vyote," alisema Kurwa. "Ila mie sinunui mbuzi kwenye gunia. Nnataka niione inavuta maji. Tuifunge kwenye kisima chochote, Jumamosi asubuhi tuionje, nkupe chako uende zako."

Kisima cha karibu kilikuwa kile kile cha Mwembepera. Ubwa akapiga hesabu: saa moja kuonja, saa tatu boti ya Dar es Salaam. Akakubali.

Ijumaa baada ya sala wakaanza. Kurwa aliifunga pampu kama mtu anayeifunga nyumbani kwake. Ubwa, mwenye shati la pasi, alichimba mtaro, akaburura mabomba, akasukuma tangi juu ya kibaraza huku mgongo unamlilia. Alipoona Kurwa anakoroga saruji, akashituka.

"Saruji ya nini tena, ndugu yangu?"

"Bila saruji itatetemeka. Ntajuaje kama mbovu ni pampu au ni kutetemeka?"

Ubwa akajituliza kwamba mnunuzi mkorofi ndiye mwenye pesa.

Jumamosi saa moja, Kurwa akasema saruji mbichi. Saa mbili akasema kuna kiungo kinavuja. Saa tatu boti ilipiga honi bandarini. Saa tatu na nusu akawasha. Pampu ikanguruma, mfereji ukakohoa, ukatema kutu, kisha maji yakaja meupe, yana nguvu, yakamlowesha Ubwa mpaka magotini.

"Umeridhika?" Ubwa akasema, anahema. "Haya, tuongee bei."

"Bei ya nini?" akauliza Kurwa, akageuka. "Dada Riyama! Tayari!"

Kina mama wakamiminika vichochoroni na madumu yao, Bi Riyama mbele.

"Huyu mdogo wangu, tumbo moja," akamwambia Ubwa. "Fundi bomba. Hana hata banda la kuku, seuze hoteli. Tangazo lako na jarida lako vina nambari moja, mwanangu. Siku nyengine nunua laini ya pili."

Hapo hapo Mheshimiwa alifika na mkasi, nyuma yake Abdulrazak na ile kanzu mpya. Utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa. Abdulrazak akamsogelea Mheshimiwa sikioni.

"Ile kazi ya skuli, Mheshimiwa, naanza lini?"

"Skuli gani?" Mheshimiwa akamkodolea. "Kwani wewe si ndiye uliyefiwa?"

Abdulrazak akaelewa pole pole, kama mtu anayeingiwa na maji kiatuni. Akaitazama pampu yake imezama kwenye saruji, akawatazama kina mama thalathini waliosimama baina yake na pampu, simu zao juu zinamrekodi. Akatabasamu. Alipigiwa makofi.

Bi Riyama akakichukua kipaza sauti. "Abdulrazak katoa pampu. Ubwa katoa jasho. Mheshimiwa, wewe umetoa nini?"

Mheshimiwa akautazama mkasi wake, kisha akaitazama pampu inayonguruma.

"Umeme," Mheshimiwa akasema kwa sauti ndogo. "Wa pampu."

"Hatujasikia!"

"Umeme wa pampu nalipa mimi!"

Na mpaka leo analipa, kwa sababu kila nyumba ya Mwembepera inayo ile video.

Ubwa alipanda boti ya siku ya pili, mikono mitupu, malengelenge viganjani. Mwezi haukwisha, Dar es Salaam, akarushiwa kwenye simu toleo jipya la jarida, ambalo yeye hakuliandika. Ukurasa wa kwanza Mheshimiwa yuko peke yake kando ya mfereji, na chini yake maneno: "Mheshimiwa akikabidhi pampu aliyoitoa yeye mwenyewe." Abdulrazak alikatwa pichani. Ulibaki mkono mmoja wa kanzu.

Ubwa akaitazama picha ile kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote. "Huyu," akasema, "ndiye fundi."

Bi Riyama naye alipelekewa nakala yake. Hakupata nafasi ya kuisoma. Alikuwa na mapipa manne ya sabuni yanamsubiri, na mfereji uko wazi.