Matanga ya Mjomba Ildefonsi

Wapo wanaopita mbele ya ubao wa matangazo wakaona karatasi tu. Clavery Byabato hakuwa mmoja wao. Asubuhi hiyo alishuka kwenye bodaboda pale Kayanga, suruali imenyooka, mfuko mtupu, akasoma tangazo moja mara tatu kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Kulikuwa na mfuko wa ruzuku uliokuwa ukigawa fedha kwa matamasha ya wenyeji. Mwombaji awe kikundi kilichosajiliwa, tamasha liwe limeshafanyika miaka mitatu mfululizo, watu waingie bure, na chakula kiwe cha asili.

Clavery hakuwa na kikundi, wala tamasha, wala chakula, cha asili au cha kukopa. Lakini vigezo, kwa maoni yake, viliwekwa ili kuwasumbua watu wakweli.

Kikundi alikipata Kanoni. Wanawake arobaini wa chama cha kuzikana, wakiongozwa na Mama Xaveria, walikuwa na cheti cha usajili na uchu wa masufuria makubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula siku mtakapopata masufuria, mama."

Akawaahidi masufuria kumi. Wao wamwazime cheti tu. Yeye angekuwa mratibu, na fedha za mwanzo zipitie mkononi mwake. Mama Xaveria aliviangalia viatu vyake vilivyochongoka, akakubali. Tamaa haichagui umri, na wanawake wa Kanoni si malaika.

Miaka mitatu ya tamasha ilipatikana kwenye picha za harusi tatu za kijijini Rugera. Mabibi harusi walikatwa, ngoma zikabaki. Bwana Privatus, ofisa wa ule mfuko, mtu mwaminifu aliyependa mihuri kuliko pilau, akapitisha ombi na kutoa awamu ya kwanza. Awamu ya pili ingeingia kwenye akaunti ya kikundi siku za tamasha zikikaribia. Clavery hakuitaka. Yeye si mroho.

Alichokipenda yeye ni kifungu cha kumi na tatu: mratibu akifiwa, tamasha litaahirishwa, na fedha zilizokwisha kutumika hazitadaiwa. Waliokiandika walikuwa na huruma, na huruma ni kitu kizuri sana, hasa ikiwa ya mwenzako. Kufa kufaana. Clavery akajifungia chumbani, akatunga mjomba, akamwita Ildefonsi, akampa makazi Murongo kule Kyerwa, akamuuguza presha kwa dakika mbili, akamuua. Ili mtu asije kuulizia kaburi, akamzika siku hiyo hiyo ng'ambo, Uganda. Kisha akampigia simu Privatus huku analia. Halafu akampigia Mama Xaveria.

"Tamasha halipo tena, mama. Nimefiwa na mjomba."

"Mjomba gani?"

"Ildefonsi. Wa Kyerwa."

"Hujawahi kumtaja."

"Nilimpenda kimoyomoyo."

"Pole sana, mwanangu. Tunakuja."

"Msijisumbue, mama. Ameshazikwa."

"Kazikwa mjomba, matanga hayajazikwa," alisema Mama Xaveria, akakata simu.

Kesho yake asubuhi Clavery alikuwa anafunga kamba za viatu, tiketi ya basi la Mwanza mfukoni na ruzuku yote ndani ya soksi, aliposikia vilio. Fuso mbili zilikuwa zimesimama nje. Wanawake arobaini, pamoja na waume zao na majirani, waliingia uani wakilia kwa ustadi wa watu waliosajiliwa. Wakamkalisha mkekani katikati yao. Mfiwa haachwi peke yake.

"Mama," alinong'ona, "si chama ndicho kinacholisha matanga?"

"Kinalisha matanga ya wanachama. Wewe uliazima cheti, hukujiunga. Ada hujalipa hata siku moja." Mama Xaveria alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Hujakidhi vigezo, mwanangu."

Clavery alitaka kuwafukuza wote. Lakini pale langoni Privatus alikuwa anashuka kwenye pikipiki, amebeba fomu ya kuthibitisha msiba. Pasipo waombolezaji hakuna msiba, na pasipo msiba fedha zinarudi na Clavery anakwenda kujieleza polisi. Soksi ikafunguliwa.

Siku ya kwanza zililiwa ndizi na maharage. Siku ya pili akachinjwa fahali, na wakaja wengi ambao walikuwa hawajamsikia mjomba lakini walikuwa wamemsikia fahali. Kwa kuwa chakula cha watu mia tatu hakipikwi kwenye kisufuria cha mseja, yakanunuliwa masufuria makubwa kumi, ambayo Mama Xaveria aliyachagua mwenyewe dukani. Rubisi, pombe ya ndizi, ikaletwa kwa madumu. Watu walikunywa, wakamsifu marehemu, wakaongezewa.

Siku ya tatu Clavery akaombwa aseme neno. Alisimama, akaiona sufuria ya mwisho ikikwanguliwa, akalia machozi ya kweli. Aliumia, maskini; hajawahi kumlilia mtu hivyo. Na kwa kuwa ulimi wake haukujua kunyamaza hata kwenye maumivu, akasema mjomba ameacha mjane na watoto saba. Uwanja mzima ukalia. Privatus naye akafuta macho, akaandika kwenye fomu: mjane, watoto saba.

"Na tamasha?" aliuliza.

"Mwezi ujao," alisema Mama Xaveria. "Ila nitaratibu mimi. Mfiwa hasimamii ngoma."

"Ni haki. Awamu ya pili itakuja kwenye akaunti yenu."

Clavery hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anakiangalia kikapu cha rambirambi. Watu mia tatu kwa siku tatu walikuwa wamekijaza hadi ukingoni, na humo ilikuwamo karibu ruzuku nzima aliyoipoteza. Moyo ukamrudi. Akakivuta taratibu kuelekea kwake. Mama Xaveria akakiwekea mkono.

"Hizi ni za yule mjane, mwanangu. Kesho nakwenda Murongo mwenyewe."

"Nitampelekea mimi, mama. Ni mke wa mjomba wangu."

"Wewe una majonzi. Utaibiwa njiani."

Privatus aliinua kalamu. "Kwani anaitwa nani huyo mjane? Hapa kuna nafasi ya jina."

Clavery aliitazama ile fomu, akamtazama mama, akakitazama kikapu.

"Stephania," alisema.

"Maskini Stephania," alisema Mama Xaveria, akajitwisha kikapu kichwani.