Chupa Ishirini na Nne za Kwenda Namboboto

Jumanne, 9 Agosti 1966. Malaba.
Nimeamka na akili mpya! Jumamosi Mzee Mukhwana wa Namboboto anakula wimbi mpya na wageni. Nimealikwa. Shida ni moja: Vitalis pia. Huyu anaandikia madereva wa malori makaratasi ya mpaka, anavaa tai, na ametangazia soko nzima atapeleka kreti ya bia. Wote wawili tunamtaka Roselida, binti ya mzee. Mimi niko na nyungu ya busaa, pombe yetu ya nafaka, kwa jikoni ya Senje Zilpa, dada ya baba. Nikipeleka nyungu nitaonekana mtu wa zamani. Basi nitatia busaa kwa chupa! Hapa hakuna mtu amewahi.

Jumatano, 10 Agosti.
Matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, wamenipatia chupa ishirini na nne. Wameuliza kama nafungua hospitali. Wacha waulize. Vifuniko hakuna, kwa hivyo nimechonga magunzi ya mahindi. Yanaingia shingo ya chupa sawasawa. Hii kichwa yangu!

Alhamisi, 11 Agosti.
Senje ameweka sikio kwa nyungu. Amesema bado inaongea, ningoje inyamaze, labda Jumapili. Jumapili! Si Roselida atakuwa ashachukuliwa? Nimesikiliza mwenyewe. Inanong'ona tu. Nimeshika kiberiti juu ya nyungu, moto umezimika. Mara tatu! Nimemweleza Senje pombe ya kuzima moto ni pombe imekomaa. Amecheka mpaka akakaa chini. Ameuliza hiyo nilifundishwa na nani. Nimemwambia nilijifundisha. Amecheka tena.

Ijumaa, 12 Agosti.
Nimechuja, nimejaza, nimeziba, nimefunga na kamba ya katani. Chupa zimepangwa kama askari. Senje anazipita mbali, anafuata ukuta. Wivu.

Jumamosi, 13 Agosti.
Barabara ni mawe matupu. Baiskeli inaruka, chupa zinaruka. PAA! nyuma ya mgongo wangu. Nikashuka, nikapima tairi. Nzima. PAA tena! Basi nikakanyaga kwa nguvu, nifike kabla zingine hazijaamka.

Nimefika na kumi na tisa. Vitalis ashakaa mbele na kreti yake, akauliza kwa sauti kama nimeleta dawa ya kuku. Nikasimama mbele ya mzee, nikakata kamba ya kwanza. Gunzi likaruka, likamgonga Vitalis kwa paji, busaa ikafuata, ikalowesha tai yote! Zingine kusikia hivyo, zikajibu. PAA! PAA! PAA! Wamama wanakinga na sufuria, watoto wanakimbiza magunzi, wazee wanachomeka mirija kwa karai la busaa iliyokingwa. Mzee Mukhwana amecheka mpaka machozi. Kreti hakuna mtu alifungua. Vitalis mwenyewe aliomba mrija! Na Roselida alinipangusa povu kwa sikio. Kwa sikio!

Mzee amesema nirudi Jumamosi ingine. Aliongeza kitu juu ya kungoja inyamaze, na nilete na nyungu, lakini Roselida alikuwa bado anapangusa. Sikushika vizuri.

Jumatatu, 15 Agosti.
Nimegundua kosa. Ni chupa! Kioo haina nguvu. Protus, fundi wa bati, atanitengenezea debe na achomelee kifuniko kabisa, pombe ikose pa kutokea. Senje ana nyungu ingine ya juzi. Anasema hii inapiga kelele. Nimemwambia itapigia kelele ndani ya debe.

Kiberiti kimezimika mara tano! Hii imekomaa kushinda ile.