Habari za Mwalimu Anselmi Alipokwenda Kutafuta Kikokotoo cha Bure

Wekeni chini majembe, enyi watu wa Nakwa. Rudisheni milango ya maduka, enyi wa Maisaka. Nanyi mliosimama Bonga mkingoja gari la Dodoma, liacheni lipite, maana mambo makubwa yametendeka katika mji wa Babati, tena katika asubuhi moja tu, na nisipoyasimulia mimi watayasimulia waongo.

Alikuwapo Anselmi, mwalimu wa hesabu, simba wa pembetatu, ambaye katika kikao cha walimu alisimama bila kuombwa na mtu akanena: "Ijumaa, baada ya chai, Kidato cha Tatu wataona hesabu za pembe zikikokotolewa ukutani kwa projekta!"

Akajibu Mzee Baltazar, mlinzi wa kitabu cha majedwali ya hesabu za pembe, aliyefundisha hesabu tangu projekta haijulikani: "Kijana, ahadi zako tumezisikia. Zikishindikana, projekta irudi stoo, na Kidato cha Tatu kirudi kwangu." Mkuu wa shule, ambaye alitaka kikao kiishe, akasema sawa.

Hapo ndipo Anselmi alipoingiwa na hofu. Kile kidato alikipenda, kilikuwa darasa lake la kwanza tangu aajiriwe, na kompyuta ya shule, kwa alivyojua yeye, haikuwa na kikokotoo cha kisayansi. Ilikuwa nacho kile kidogo tu cha kujumlisha na kutoa, ambacho karani alikitumia kuhesabia madawati.

Ijumaa asubuhi akaingia ofisini kwa karani huyo, Mama Blessing, malkia wa mhuri na kibodi.

"Shikamoo, Mama Blessing. Nimekuja kuomba uwanja wa mapambano."

"Marahaba, mwanangu. Uwanja huo hapo. Ila kitambaa changu usikiguse."

Ni lazima nikieleze kitambaa hicho. Kilikuwa cheupe, chenye maua ya waridi, kazi ya mikono yake mwenyewe, kimetandazwa juu ya kompyuta kama kwenye televisheni ya sebuleni, na pembe yake moja ikining'inia mbele ya kioo, upande wa kushoto juu. Watu wa ofisi ile walikwisha kuizoea. Mtu akifungua ukurasa asioutaka hakutafuta mshale wa kurudi nyuma. Alifunga kila kitu akaanza upya, akiamini ndivyo kompyuta zilivyoumbwa.

Basi Anselmi akawasha bando lake mwenyewe, akazama mtandaoni. Ewe mtandao, mama wa ahadi! Programu ya kwanza ilijiita ya bure, na alipokwisha kuipakua ikataka namba ya kadi ya benki. Ya pili ilikuwa na vitufe vidogo kama mayai ya chawa, na maandishi ya nchi asiyoijua. Ya tatu haikuwa kikokotoo hata kidogo: ilimletea matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, yakarukaruka kioo kizima, naye akapambana nayo, akifunga moja yanazaliwa mawili, jasho likimtoka hadi kwenye soksi.

"Unaiua mashine ya serikali!" akalia Mama Blessing.

"Mama, mashine itapona. Mimi ndiye ninayekufa!"

Kengele ya kumaliza chai ya saa nne ikalia. Mlangoni akatokea Mzee Baltazar na majedwali kwapani, akatazama kioo, ambacho sasa kilikuwa na kile kikokotoo cha madawati tu, kimetanuka pande zote, maana Anselmi alikuwa amekifungua kwa kukata tamaa.

"Shikamoo, mzee," akasema Anselmi.

"Marahaba. Umepigana, kijana, nami sikucheki." Alikuwa anacheka. "Sasa tuisitiri mashine, nami niende kwa wanafunzi wangu."

Akanyoosha mkono, akashika ile pembe yenye waridi, akaiinua ili akivute kitambaa kifunike kioo chote. Na chini yake, pale palipokuwa gizani miaka yote, vikaonekana vistari vitatu vimelaliana.

"Simama hapo hapo, mzee! Usishushe mkono!"

Anselmi akabonyeza vistari. Orodha ikafunguka, na ndani yake kikokotoo cha kisayansi, cha bure, chenye vitufe vikubwa, kilichokuwa humo tangu kompyuta itolewe kwenye boksi. Akaandika thelathini, akabonyeza sin. Ikatoka nusu.

Mzee Baltazar, mkono ungali juu umeshika waridi, akafungua majedwali kwa mkono wa pili na kidevu, akatazama mstari wa thelathini.

"Nusu," akasema. "Haya, nenda. Watoto wanakusubiri."

Naam, siku ile Kidato cha Tatu waliiona nusu ukutani, kubwa kuliko mlango, na msichana mmoja aitwaye Vailet akasema, "Mwalimu, kumbe ni nusu tu?" na Anselmi akacheka mpaka akafuta machozi, kwa sababu darasa lilikuwa bado lake.

Na iandikwe, isifutwe, kwamba mji wa Babati ulishinda. Kitambaa hakikuondolewa, maana Mama Blessing hakushindwa na mtu. Lakini ile pembe imeinuliwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Jumatatu Mama Blessing alifungua ukurasa asioutaka, akauona ule mshale, akaubonyeza taratibu, akarudi alikotoka. Akaita ofisi nzima ije kutazama.