Programe Yenye Ilikuja Vipande Vipande

Masisi, siku ya mbili asubui

Kwa Mademoiselle Kétsia Byukusenge,
Mutengenezaji wa Programe, Goma

Mukubwa muheshimiwa, mutoto wangu,

Ninaomba usome mupaka mwisho mbele ya kucheka. Kikundi chetu cha bamama wa chanjo kinakushitaki. Mimi njo présidente, basi nimekubali kukushitaki mwenyewe, juu nakupenda.

1. Tulikuomba programe moja ya kutuonyesha mutoto gani anapashwa kupata chanjo, na siku gani. Ulitutumia flashi ya kuchomeka mu ordinatere, ile kompyuta yetu. Ndani yake Mama Murekatete, mwandishi wa kikundi, alihesabu ma-fichier, mafaili kila moja na jina lake, mia moja makumi ine na tatu. Tuliomba nyumba, ukatuletea mabati, misumari na mulango.

2. Na wewe unatujua: hatupikake maharagi bila kuichambua. Tukakaa wawili mbele ya ordinatere, tukachambua. Yenye majina mazuri tukaweka. Moja ilikuwa na kilo sufuri, hakuna kitu ndani, tukatupa. Tangu pale programe inakataa kufunguka. Kwa telefone ukasema eti hata ile tupu ilikuwa na kazi. Kazi gani, mama? Hata mu kamati yetu iko wenye hawafanyake kitu, lakini wakikosa, mukutano unaendelea.

3. Siku ya ine, kesho kutwa, ni chanjo. Bamama watashuka milima na batoto mugongoni, na daftari ya zamani ilinyeshewa, haisomeke tena. Niwaambie nini? Eti murudi, programe imepoteza kidole?

4. Mimi nilikuzaa kipande kimoja. Kichwa, magoti, kelele, byote ndani. Hakuna muzalishaji mwenye aliniambia: Mama, chunga, usipoteze fichier ya goti. Tena ulifunguka mara moja, na mupaka leo haujafungika.

Kwa hiyo tunadai: byote uifunge mu fichier moja tu, kama chikwange ya muhogo mu jani lake, muntu asipate njia ya kuichambua.

Usalimie kaka yako Merdi, mwenye nyumba wako, na ule kijana mwenye hautajake jina lake. Ukule vizuri.

Mimi mwenye kukulalamikia kwa mapendo,
Mama yako Dusabimana

P.S. Nakutumia muzigo na gari ya Papa Constantin. Maharagi iko peke yake, bunga peke yake, fromaji ya maziwa peke yake, mafuta ya mawese mu kibidoni yake, na bingine vile vile: bifurushi kumi na mbili. Sikuweka byote mu gunia moja, juu mawese ikimwangika inaharibu byote. Kimoja kikipotea njiani, uniambie, nitatuma kile tu. Sitarudilia muzigo muzima.

Basi na wewe, mbele ya siku ya ine, tutumie tu ile moja tulitupa.