Makundi Kumi na Manane, Meza Kumi na Mbili

Redio ya Shangazi muuza kahawa ndiyo iliyoanza. Jumamosi asubuhi ikatangaza kwamba walimu wote wa shule za msingi wameshafundwa mbinu mpya: mtoto hapewi jibu, anapewa tatizo alitatue na wenzake. Wakili, ambaye kwa kweli ni kinyozi ila hajawahi kukubali kushindwa hoja, akasema yeye kapewa matatizo tangu azaliwe na hakuna aliyemwandalia semina. Mimi nilikuwa naziba tairi la baiskeli, sikutaka kuingilia upuuzi.

Mara akatokea Mwalimu wa darasa la tatu, begi jipya la semina begani, uso wa mtu aliyefiwa. Tukampisha kwenye benchi. Akasema siku tano nzima walikaa wakisomewa kwamba si vizuri watu kukaa wakisomewa. Wakayanukuu yote kwenye daftari.

"Na umeelewa, mwanangu?" Shangazi akamuuliza.

"Nimeelewa, Shangazi. Watoto watano kila kundi, kila kundi na meza yake. Sasa mimi nina watoto tisini na meza kumi na mbili."

Wakili akapiga hesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vyangu. Makundi kumi na manane, kwa hiyo meza sita hazipo. Tukamwambia si angemuuliza mkufunzi. Kumbe alimuuliza, na mkufunzi akafurahi kwelikweli, akasema hilo ni tatizo zuri sana, akalitatue. Akamwendea mwalimu mkuu, naye ndiyo kwanza katoka semina ya wakuu, akamjibu, "Wewe unaonaje?" Akapiga simu ofisi ya elimu, wakamshauri ajadiliane na wenzake. Yaani kuanzia juu mpaka chini wamebaki na maswali tu, majibu yamepigwa marufuku.

Tungecheka, lakini mkaguzi anakuja Jumatatu, na atakayeshindwa somo hilo anahamishwa. Mke wa Mwalimu ana mimba ya miezi minane. Alilisema hilo akiangalia viatu vyake, na mimi roho iliniuma.

Basi kijiwe kikaingia kazini. Wakili akapendekeza watoto thelathini waugue siku hiyo. Shangazi akamkemea asiwaombee watoto wa watu maradhi, akasema heri hao thelathini wasimame nyuma wajifanye ukuta. Mimi nikashauri tung'oe mlango wa saluni ya Wakili uwe meza. Akaniambia nianze na mlango wangu. Tukagombana mpaka kahawa ikapoa, na Mwalimu akaondoka mikono mitupu.

Jumatatu jioni akarudi. Kila mtu kaandaa pole yake. Akaagiza kahawa, akasimulia. Mkaguzi alikaa nyuma ya darasa na meza yake. Mwalimu alipoona maji yamemfika shingoni akaamua kuwaeleza watoto ukweli: tuko tisini, makundi kumi na manane, meza kumi na mbili, haya tatueni. Wakanong'onezana dakika tatu, wakatoka kwa mstari. Wakarudi na meza mbili za ofisi ya mwalimu mkuu na tatu za chumba cha walimu. Ya sita walimwendea mkaguzi, wakamwamkia shikamoo vizuri, wakamwomba radhi, wakaichukua.

"Mwalimu mkuu akaja mbio," akasema. "Akataka niwaamuru wazirudishe."

"Ukamwambiaje?" Wakili akauliza.

"Nikamwambia, mkuu, mkaguzi huyo hapo ananiangalia. Siruhusiwi kuwapa jibu."

Mkaguzi, kasimama, karatasi kaiegemeza ukutani, akaandika: amefaulu, abaki hapohapo. Shangazi machozi yakamtoka, akamwambia akampe mkewe habari mara moja. Wakili akaanza kudai wazo lilikuwa lake.

Mimi nikauliza mwalimu mkuu sasa anafanyia wapi kazi. Mwalimu akasema varandani, faili mapajani. Kuanzia asubuhi ameshauliza mara nne meza zake zitarudi lini, na darasa la tatu wanamjibu kwa adabu kwamba makundi bado yanajadiliana.