Dumu la Mwenyekiti

Umma wa Newala na Masasi unatangaziwa kwamba tatizo la walimu kukosa ajira limekwisha. Limeundiwa kamati. Mimi ndiye katibu.

Kamati iligundua kuwa walimu hawakosi kazi kwa uchache wa nafasi. Wanakosa kwa sababu hawajaandaliwa. Tukatoa mwongozo. Anayeomba shule ya misheni akae benchi la mbele Jumapili tatu kabla ya usaili. Seminari ya Kiislamu, awahi adhuhuri kuliko mwadhini. Ingilishi midiamu, atabasamu, hasa asipoelewa swali. Shule ya serikali, ajifunze kusubiri. Mazoezi yapo ya kutosha.

Kifungu cha tisa alikiandika Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Reginald: "Wakati wa somo la majaribio, wajumbe watahesabika wanafunzi halisi wa darasa la tatu, na sheria zote za shule zitawahusu." Tulipiga makofi.

Nafasi ilikuwa moja, shule ya serikali huko Kitangari. Wa mwisho kuingia alikuwa Oliva. Amejitolea kufundisha Mnyambe miaka sita bila mshahara, darasa la watoto mia na kumi na mbili. Akikosa hii, alishasema, anaacha chaki akapalilie mikorosho ya mjomba.

Akasimama mlangoni, akatutazama.

"Darasa hili halisalimii?"

Mwenyekiti ana miaka hamsini na nane. Lakini kifungu ni kifungu. Tukasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaeni. Reginald, baki umesimama. Dumu lako la maji liko wapi?"

Huku kwetu juu maji yako bondeni, na mtoto haingii darasani bila dumu. Sisi wajumbe watano tulikuja na mabegi.

"Binti, mimi ni Mwenyekiti wa..."

"Kwenu mwalimu anaitwa binti?"

"Hapana, mwalimu."

"Nendeni mkachote. Wote."

Tukateremka. Kwenye muhtasari niliandika kwamba kamati ilikagua miundombinu ya maji. Tulirudi wanne, na madumu ya kuazima. Mwenyekiti alidandia bodaboda kule kule bondeni, akaenda zake nyumbani. Oliva akaandika kwenye daftari la mahudhurio: Reginald, mtoro.

Sasa, mtoro harudi darasani bila mzazi. Na fomu ya usaili haikamiliki bila somo kuisha, wakati mkoa wanaitaka Ijumaa. Alhamisi Mwenyekiti akaja na mama yake, Bibi Anastasia wa Lisekese, miaka themanini na moja, kapakata dumu kwenye bodaboda.

"Shikamoo bibi," Oliva akasema.

"Marahaba mwanangu. Huyu usimwonee aibu. Tangu darasa la pili wenzake wakienda kuchota, yeye anajificha kwenye mikorosho."

"Mama, haya ni mambo ya kiofisi."

"Beba dumu, Reginald."

Akabeba. Somo lilikuwa lita na nusu lita, na zana za kufundishia zilikuwa zimejaa tele. Mwenyekiti alipata sita kwa kumi. Kisha akajaza fomu ya usaili, na alipofika kwenye kisanduku cha "anafaa", kalamu ikasita.

"Wino umekwisha?" bibi akauliza.

Wino ulikuwepo. Oliva anaanza kazi Jumatatu.

Mwenyekiti amependekeza kifungu cha tisa kifutwe. Kura nne zimesema kibaki, moja kifutwe. Kikao kijacho ni Jumatano, saa tatu asubuhi. Kila mjumbe aje na dumu. Mwenyekiti aje na mama.