Pipa Lenye Joto

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza! Molasi, maji na hamira, vyote ndani ya pipa la plastiki, stoo. Vikishachacha nitavikeneka nipate ethanoli, niwauzie wenye magari na kiwanda cha rangi. Shemeji yangu makanika naye anatengeneza yake gereji. Ana pua kali yule. Asije akanusa! Nimekaza kifuniko kwa mkanda wa chuma, nikapaka gundi pande zote. Hata hewa haitoki. Mimi si mtu wa mchezo.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe ametua bila taarifa. Mgongo unamsumbua. Mke wangu kamtandikia stoo, ubavuni mwa pipa. Akauliza mna nini humo. Nikasema maji ya akiba.

Alhamisi, 6 Machi
Pipa limenenepa. Sitanii! Jana lilikuwa limenyooka, leo lina kitambi. Linanguruma. Tena limepata joto, na mama mkwe kalivumbua joto hilo. Kaliegemea mgongo mzima. Anasema hajapata nafuu kama hii tangu aanze kuumwa. Akanibariki! Jasho limenitoka hadi kwenye soksi.
Nikamsihi ahamie sebuleni. Akauliza kama namfukuza. Mke wangu akanikata jicho. Nikanywea.

Ijumaa, 7 Machi
Sijala. Sahani ilianguka jikoni, nikajikuta chini ya meza.
Nikaenda gereji, nikamwambia shemeji kuna rafiki yangu ambaye pipa lake linavimba. Shemeji akaweka spana chini. Akasema kinachochacha hutoa gesi. Lake kalitoboa, kapitisha mpira hadi kwenye ndoo ya maji, gesi inatoka polepole. Akauliza huyo rafiki kaziba? Basi ana bomu ndani ya nyumba.
Wivu tu, nikajisemea. Lakini miguu ilishatoka mbio.
Mama mkwe alikuwa amesinzia palepale. Pipa limekuwa duara. Nikanyoosha mkono nilegeze mkanda, mkono ukagoma. Sauti ikanitoka kama ya kifaranga: “Mama, njoo unywe chai.”
“Niletee hapahapa, baba.”
Nikamshika makwapa, nikamburuta. Akapiga mayowe kwamba namuua. Tumefika tu kwenye korido, BUU! Kifuniko kikatoboa dari. Povu mpaka kwenye taa. Godoro lake limelowa chapachapa.
Tulikaa sakafuni, yeye na mimi. Alinishika mkono, akakataa kuuachia. Mwishowe akauliza kwa upole:
“Maji gani yale, baba?”

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe karudi kwake. Mke wangu hasemi nami, anasema na ukuta.
Nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Kifuniko kilikuwa hafifu!
Leo nimempelekea fundi wa kuchomelea pipa la chuma, limeshajaa mchanganyiko mpya. Akauliza tundu la kupumulia aliweke wapi. Tundu! Nikamwamuru achomelee kifuniko mzunguko mzima, asibakize hata pa kupita sindano. Kaweka vifaa chini, karudi nyuma hatua kadhaa.
Huyu katumwa na shemeji.